Chumvi Iliyofungiwa Chini ya Rangi: Kwa Wanaofufua Peugeot 504 Pikapu Nyumbani, Mombasa

Lalamiko tunaloletewa mara nyingi kwenye gereji yetu ya rangi na wenye pikapu za zamani ni hili: gari lilipakwa rangi, likapendeza, majirani wakasifu, na kabla mwaka haujaisha malengelenge yakatokeza chini ya milango, juu ya magurudumu na nyuma ya kibanda cha dereva. Ukilitoboa lengelenge kwa ukucha, linatoka tone la maji, na bati lililo chini yake limeshakuwa jekundu. Mwenye gari anailaumu rangi, au anamlaumu fundi kwamba aliizimua mno kwa thina. Tukikwangua mbele yake, mara nyingi tunakuta rangi yenyewe iko sawa. Kilichoharibu kazi ni chumvi iliyokuwa juu ya bati siku rangi ilipopita.

Rangi ya gari, hata ile nzuri kabisa, haizuii mvuke wa maji asilimia mia. Unapenya taratibu, hasa kwenye hewa nzito kama yetu. Bati likiwa safi, unaingia na kutoka bila madhara. Penye chembe za chumvi, unavutwa na kushikwa pale pale mpaka unakuwa maji, na maji hayo ya chumvi yanazidi kuvuta mengine. Hapo rangi inainuka na kutu inaanza kula. Haijalishi umepaka koti mbili au tano.

Chumvi hiyo inatoka wapi? Upepo wa bahari unaileta, hilo kila mtu anajua. Nyingine imejificha ndani ya vishimo vya kutu ya zamani, na brashi ya waya haifiki huko. Lakini ipo njia ya tatu ambayo watu hawaitilii maanani, nayo ndiyo inayotuuma zaidi kwa sababu ni rahisi kuiepuka: maji ya kisima. Visima vingi vya mjini hapa vina maji ya chumvichumvi. Mtu anapiga msasa wa maji gari zima kwa maji hayo, anafuta kwa kitambaa, anaacha likauke juani, kisha anapulizia. Amepaka chumvi kwa mkono wake mwenyewe, kisha ameifunika kwa rangi ya gharama.

Tunayaandika haya kwa sababu wateja wanaotaka kufufua gari nyumbani, wikendi hadi wikendi, wanaongezeka, na sisi tunawaunga mkono kwa dhati. Sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji gereji. Inahitaji mtu mwenye subira na kivuli cha kutosha uani, na mwenye gari ana subira kuliko fundi yeyote anayelipwa kwa siku.

Tumeichagua 504 kwa kuwa ndiyo inayotujia zaidi, na kwa kuwa ina haki yake hapa. Peugeot ilikuwa jina kubwa Afrika Mashariki kabla ya pikapu hii kutoka: 404 ilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Pikapu ya 504 ilitoka mwaka 1979, na zetu nyingi ziliunganishwa papa hapa Mombasa. Ina springi za majani nyuma, na imebeba nazi, saruji, mitumba na samaki katika barabara ambazo magari ya kisasa yanalia. Anayetaka kuitunza hafanyi mchezo wa matajiri. Anakiokoa chombo ambacho bado kinaweza kumletea riziki.

Anza kwa kuvua. Toa bampa, taa, raba za milango, zulia na viti, na kama unaweza, kioo cha mbele pia, kwa maana kutu hupenda kujilaza chini ya raba yake. Kisha shika bisibisi na ugonge kila mahali panapokaa maji: vizingiti vya milango, sakafu chini ya miguu ya dereva, trei ya betri, ndani ya madigadi, kona za chini za kibanda, na pale bodi ya mzigo inapokutana na kibanda. Bisibisi ikizama, usihuzunike. Afadhali uone leo. Weka alama kwa chaki, piga picha, na usiguse rangi mpya mpaka kila alama imeshughulikiwa.

Kutu ya juu juu inaondoka kwa grinda na msasa namba 80. Ile iliyochimba vishimo inahitaji dawa ya asidi ya fosfori, isuguliwe, isuuzwe vizuri, irudiwe. Bati lililotoboka halina dawa. Likatwe mpaka kwenye chuma kizima na lichomelewe kiraka cha bati jeusi la geji 20, ambalo unene wake ni karibu milimita 0.9. Tafadhali usitumie mabaki ya mabati ya paa. Ni membamba mno, na zinki iliyoyapaka inapochomelewa hutoa moshi unaoweza kumlaza fundi kwa homa usiku huo huo. Kama hujui kuchomelea, kata kwanza, kisha tuletee gari au umwite fundi nyumbani kwa kazi hiyo peke yake.

Rangi ya zamani unapoiondoa, hasa nyekundu na manjano za miaka hiyo, ichukulie kama yenye madini ya risasi. Vaa barakoa nzuri, usikwangue watoto wakicheza karibu, na vumbi likusanye kwa kitambaa chenye maji, usilifagie likapeperuka hadi jikoni kwa jirani.

Sasa turudi kwenye maji, maana hapa ndipo tunapopoteza magari. Baada ya chuma kuwa wazi, kioshwe kwa maji matamu, yaani yasiyo na chumvi: ya bomba ikiwa una hakika nayo, la sivyo ya mvua uliyokinga. Ukitilia shaka maji yako, mwaga vijiko vichache juu ya kipande cha kioo, uache juani. Yakikauka na kuacha utando mweupe, usiyaguse kwa kazi hii. Nunua mitungi michache ya maji matamu. Gharama yake si kitu ukilinganisha na bei ya lita moja ya rangi. Osha, kausha papo hapo kwa hewa ya kompresa, osha tena. Sehemu yenye vishimo ioshwe zaidi ya mara mbili. Kisha futa kwa dawa ya kuondoa mafuta, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kufuta, na kuanzia hapo usiguse bati kwa mkono mtupu, kwa sababu jasho nalo ni chumvi.

Siku hiyo hiyo, kabla ya jua kutua, chuma kipate praima (koti la chini kabla ya rangi) ya epoksi. Usikiache kilale wazi. Usiku mmoja wa unyevu wa pwani unatosha kukiwekea kutu nyepesi ambayo jicho halitaiona asubuhi. Epoksi inashika chuma na kuziba vizuri kuliko praima yoyote tunayouza, na faida yake kubwa kwa mtu wa nyumbani ni kwamba inakuruhusu kwenda polepole: leo mlango, wiki ijayo boneti. Ile praima ya kijivu ya kujaza mikwaruzo ni jambo jingine kabisa. Hiyo inanyonya maji. Tunaona pikapu zinazozunguka mjini na kijivu chake miezi mingi zikisubiri mwenyewe apate pesa ya rangi, na zinaoza zikitembea. Pesa ikikwama, simamisha kazi kwenye epoksi. Jua huichosha epoksi pia, hivyo funika gari au lipeleke kivulini, na ukirudi uipige msasa kabla ya kuendelea.

Fila, ule uji mzito wa kusawazisha mabonde, iwekwe juu ya epoksi iliyokauka na kukwaruzwa, isiwekwe juu ya chuma kitupu. Mafundi wengi wa zamani watakubishia hapa, na fila hushika chuma kweli, hatukatai. Tatizo ni kwamba ndani yake mna unga unaonyonya maji, na pwani hatuna anasa ya kuacha unga huo ukae juu ya chuma bila kizuizi. Usivuke milimita tatu hivi za unene. Bonde likizidi hapo, linyooshwe kwa nyundo kwanza. Hadena, dawa ya kukaushia inayochanganywa nayo, iwe karibu asilimia mbili ya uzito wa fila. Watu huizidisha wakitaka ikauke haraka, kumbe kwenye joto letu inakauka haraka bila kusukumwa, na hadena iliyozidi hupenya baadaye na kuacha madoa juu ya rangi nyeupe. Fila ipigwe msasa mkavu, namba 80, kisha 180, kisha 320. Msasa wa maji ungoje mpaka praima ya kujaza imeifunika na kukauka, nayo ipigwe namba 600 hadi 800 kwa maji yale yale matamu.

Kompresa nayo hukusanya maji kwa sababu inabana hewa iliyojaa unyevu. Fungua koki ya chini ya tangi kila asubuhi na uweke kichujio cha maji karibu na gani, ile bunduki ya kupulizia. Chagua pia majira. Kipindi cha kaskazi, kabla ya mvua za masika, ndicho kizuri: asubuhi, umande ukishakauka na upepo haujaamka. Joto likipita nyuzi 30, omba thina ya polepole. Thina ya haraka siku ya unyevu hulipoza bati ghafla, mvuke unatua juu ya rangi mbichi, na rangi ya duko inageuka nyeupe kama imepakwa maziwa.

Mpaka hapa yote unaweza kuyafanya uani kwako ukiwa na glavu na barakoa yenye kichujio cha mkaa. Koti la mwisho lenye hadena ni suala tofauti, na tunakuomba usilipulizie nyumbani. Hadena ya rangi za kisasa na ya klia, lile koti la juu linaloonyesha rangi iliyo chini yake, ina kemikali iitwayo isosayaneti. Ukungu wake ukiingia mapafuni unaweza kuleta pumu, na mtu akishaathirika, hata kiasi kidogo sana baadaye kinaweza kumbana kifua. Hauna harufu kali ya kukuonya. Barakoa ya kitambaa haifanyi kitu, na ile ya mkaa hatuitegemei kwa kazi hii. Fundi wetu huvaa kofia inayopelekewa hewa safi kwa bomba, ndani ya chumba chenye feni ya kuvuta. Uani kuna mtoto, kuna kuku, kuna jirani anayekunywa chai barazani. Ndiyo maana tuna huduma ya nusu: unafanya maandalizi kwako, unaleta gari likiwa tayari, sisi tunapulizia rangi na klia, unalirudisha nyumbani ukalivike taa na raba mwenyewe. Utalipia rangi na upuliziaji tu, na siku tulizoacha kuzitumia kwenye msasa hutozwi.

Kuhusu rangi ya kipekee, tuna maoni yetu na tunayasema. Kwa pikapu inayofanya kazi, chagua rangi isiyo na chembe za metali. Ikikwaruzwa sokoni Kongowea, inarekebishwa paneli moja bila kuonekana, ilhali yenye metali hulazimu kupulizia hadi paneli za jirani ili zilingane. Paa jeupe hupunguza joto la kibanda, na rangi mbili zikigawanywa kwenye mkunjo wa asili wa bati huipendeza 504 kuliko michirizi ya kubuni. Nyekundu hupauka mapema kwa jua letu. Ukiipenda sana, iwekewe klia. Maandishi ya mlango wa nyuma tunayapenda yachorwe kwa mkono na mchoraji wa mabango, kwa rangi ya mafuta juu ya klia iliyokwaruzwa kidogo, ili siku ukichoka na methali yako ibadilishwe bila kugusa gari lote. Mlete mchoraji wako kama unaye.

Bodi ya mzigo usiifanyie rangi ya kung'aa ndani. Ipakwe koti mbili za epoksi na rangi nzito ya sakafu ya pikapu, na matundu ya kutolea maji yazibuliwe. Ukibeba samaki na barafu, maji yanayotiririka pale ni brini, yaani maji ya chumvi kali, na yasipooshwa jioni ile ile hakuna rangi itakayokusaidia. Ndani ya vizingiti tunapulizia nta baada ya kila kitu kukauka. Usitangulie kumwaga oili chafu humo: inavuja kwenye maungio na rangi inakataa kushika, inajikunja na kuacha vishimo vidogo. Kwa sababu hiyo hiyo, dawa za kung'arisha matairi zenye silikoni zifungiwe mbali na uwanja wa kazi mpaka gari litoke kwetu.

Ukija, njoo na kopo la epoksi uliyotumia ili tujue cha kupitisha juu yake, picha za viraka kabla havijafunikwa, na logibuku. Rangi ya gari imeandikwa humo, na ukiibadilisha ni lazima NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ijulishwe, hivyo amua rangi kabla hatujachanganya. Kuanzia Aprili hadi Juni hatupokei magari yaliyo kwenye chuma kitupu, kwa sababu ya mvua. Yaliyokwisha kupata epoksi tunayapokea mwaka mzima.