Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu mmekwisha kuzisikia kwa mweka hazina, nami sina la kuongeza. Nitazungumzia jambo lililotushughulisha zaidi mwaka huu: programu za akili mnemba zinazosikiliza usemi wa mtu na kutafuta dalili za mapema za dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Sisi tunaouguza tunazijua dalili hizo. Mgonjwa anatafuta jina la kijiko, halimjii, anaishia kusema "ile nanihii." Anasita katikati ya sentensi. Anasimulia habari za "yeye" na huelewi yeye ni nani. Mwaka 1901, daktari Mjerumani Alois Alzheimer alipomhoji mgonjwa wake Auguste Deter hospitalini Frankfurt, aliyaandika majibu yake jinsi yalivyotoka. Leo mashine hupima urefu wa kimya kati ya maneno, kasi ya usemi na upana wa msamiati. Mara nyingi mtu huonyeshwa picha ya mama anayefuta sahani huku maji yakifurika kwenye sinki, na nyuma yake mtoto anaiba biskuti juu ya kigoda kinachopinduka. Anaeleza anachokiona, sauti inarekodiwa, basi.

Mwaka 2024, watafiti wa Boston University walitangaza matokeo ya kuchambua mahojiano ya watu 166 waliokuwa na upungufu mdogo wa utambuzi, yaani kumbukumbu au fikra zilizoanza kudhoofika kidogo. Programu yao ilibashiri kwa usahihi wa asilimia 78.5 nani angepata Alzaima, aina ya dimensia iliyopewa jina la daktari yule, ndani ya miaka 6. Nilifurahi sana kuyasoma, kwani familia inayojua mapema hupata muda wa kupanga matunzo na kumsikiliza mgonjwa mwenyewe angali na kauli. Lakini hapo takriban mtu mmoja kati ya watano alibashiriwa vibaya. Kumwambia mzima kwamba akili yake inamtoka ni kumjeruhi, na kumwambia mgonjwa kwamba ni mzima ni kumchelewesha kupata msaada.

Isitoshe, sonona, usikivu hafifu, upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta dalili zinazofanana na hizo, na mengi ya hayo yanatibika. Tena rekodi nyingi zilizofunzia mashine hizi ni za Kiingereza. Mashine ya namna hiyo haiwezi kuaminiwa kumpima mtu anayesema lugha nyingine mpaka ijaribiwe kwa wasemaji wa lugha hiyo.

Kwa hiyo kamati inapendekeza tuunge mkono utafiti huu kwa masharti. Jibu la programu liwe sababu ya kumwona daktari, lisiwe hukumu. Sauti ya mtu isirekodiwe kwa siri, hata na mwanawe kwa nia njema. Na ridhaa iombwe kwa mhusika mwenyewe. Mwenye dalili za mwanzo kwa kawaida bado anaweza kujiamulia, na hili silegezi.

Rasimu ya msimamo huo mnayo mikononi. Naomba tuijadili sasa, kisha tuipigie kura.