Moto wa Kibokoni

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu,

Salamu, na za siku nyingi. Habari za moto naona zimekufikia huko Malindi zimeshatiwa chumvi. Mimi ni mzima. Kilichoungua ni jiko na mapazia ya jirani wa chini tu, na vichochoro vyetu unavijua, gari la zima moto halipiti. Ni ndoo na birika la msikiti vilivyotuokoa.

Lakini ngoja nikueleze mwenyewe. Mtaa mzima uliamka, mimi nikabaki nimelala. Wamenigongea mlango hadi komeo likalegea, wakaniita mpaka sauti zikawakauka. Wananijua kiziwi tangu utotoni! Mtu akishtuka, mkono wake haujui ila mlango.

Moshi ndio ulioniamsha. Stima imezimwa, giza totoro, nami bila mwanga sina midomo ya kusoma wala ishara ya kuona. Nikakimbilia dirishani. Chini tochi kama kumi, zote zimenimulika mimi machoni. Ngazi ya mbele au ya uani? Siambulii kitu. Kisha yule kijana wa kinyozi akaigeuza tochi yake, akajimulika mwenyewe uso na mikono, akaniashiria: mbele moto, pita uani. Anajua ishara ishirini kama zimezidi, nilimfundisha kwa mzaha tu akisubiri wateja. Nikashuka.

Zahanati nako ni yale yale. Jina linaitwa dirishani, muuguzi kavaa barakoa. Nilikaa na kifua changu hadi adhuhuri, walionikuta wakaniacha.

Na usiniambie habari ya namba ya dharura 999, nipige niseme nini? Katiba ya 2010 imeifanya lugha ya ishara kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Alhamdulillahi. Basi moto ukinikuta bungeni nitasalimika.

Sasa nimefunga kamba ya kijani, inatoka dirishani hadi kwa jirani wa pili. Bi Mkubwa alicheka, akasema nimekuwa mbuzi wa kuchinja, lakini fundo kalikaza yeye mwenyewe.

Ijumaa basi lako likichelewa, usigonge. Vuta kamba. Polepole lakini, upande wa pili uko kwenye kidole changu cha mguu.

Wako,
Shogayo wa Kibokoni