Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera ipimwe upya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wenye magari, na hasa niseme na mafundi wa vioo wa jiji hili. Mimi ni mpima ardhi mstaafu, mkazi wa Kimara Temboni. Nimepima viwanja na mashamba kwa miaka 32. Ujuzi wangu wa magari ni mdogo, lakini jambo lenyewe ni la vipimo, na vipimo navijua.

Januari mwaka huu nilikuwa natoka Chalinze na mjukuu wangu wa miaka saba. Tulipokaribia Mlandizi lori la kokoto lisilofunikwa turubai likatupita, jiwe likaruka, likapiga kioo cha mbele. Tulipofika Kibaha ufa ulikuwa umeshatambaa kutoka pembeni mpaka chini ya kile kioo kidogo cha kuangalia nyuma.

Gari langu ni Toyota Corolla Fielder ya mwaka 2016, niliyoinunua kwa kiinua mgongo. Nyuma ya kile kioo kidogo, juu kabisa, kuna kijisanduku cheusi kilichoshikizwa kwenye kioo cha mbele. Ndani yake mna kamera na rada ya leza. Hivyo viwili ndivyo macho ya gari. Vikiona gari lingine mbele na dereva hajakanyaga breki, vinapiga kelele, na asipoitika, gari linashika breki lenyewe. Kwa gari kama langu ni kwenye mwendo wa kilomita 10 hadi 80 kwa saa. Ukizidi kilomita 50 ukaukanyaga mstari wa barabara bila kuwasha indiketa, linakulilia. Usiku linashusha taa kubwa likiona gari linakuja.

Toyota walianza kuuza mfumo wao huu mwaka 2015. Subaru, wenye kamera mbili zilizokaa pamoja kama macho ya mtu, walitangulia mwaka 2008. Na kwa kuwa sisi tunanunua kutoka Japan magari ambayo yameshatembea miaka saba, minane, kumi, ni sasa ndiyo yanaanza kujaa barabarani kwetu. Wengi tunayo na hatujui tunayo. Maandishi ya dashibodi ni ya Kijapani, na yule mama anayesema maneno yake kila ukiwasha gari tumezoea kumwacha aseme. Mimi mwenyewe ilibidi kijana wa jirani anisomee kwa simu ndipo nikajua kila kitufe kina kazi gani.

Nilikwenda kwa fundi wa vioo, Ilala. Sitamtaja, maana sina ugomvi naye, na mtaona mbele kwa nini. Kioo kilichokuwa na kishikizo cha kamera tangu kiwandani hakikuwepo siku hiyo. Akaniambia, "Mzee wangu, nina hiki, saizi ni hiyohiyo. Kishikizo nakibandua kwenye kile cha zamani nakibandika hapa. Hutaona tofauti."

Nikamuuliza, "Na kamera, mwanangu? Haitaki kupimwa?"

"Nikichomeka soketi taa isiwake, iko poa, mzee."

Taa haikuwaka. Nililipa laki nne na themanini, nikamshukuru, nikaondoka. Kazi yake ya kioo ilikuwa safi.

Siku ya nne, nikiwa naelekea Kibaha kwenye ile barabara yetu ya njia nane, gari likaanza kulia kwamba ninatoka kwenye njia, nami niko katikati. Nikadhani ni mistari imefifia. Likalia tena. Nikaanza kujishuku mwenyewe, kwamba labda uzee umefika kwenye mikono. Wiki iliyofuata nilikuwa na mjukuu tena, tunapita Mbezi, mwendo ni kilomita arobaini na kitu. Kushoto daladala limesimama kituoni, limeingia vizuri kabisa pembeni, na mbele yangu njia ni nyeupe. Gari likapiga ukelele na kushika breki lenyewe. Mtoto alikuwa amefunga mkanda, namshukuru Mungu. Nyuma yangu kulikuwa na fuso. Dereva wake alikwepa kwa nafasi ndogo mno, akapita akinifokea. Sikumlaumu. Kwa alivyoona yeye, mzee mmoja amesimama ghafla katikati ya barabara bila sababu yoyote.

Nilipofika nyumbani nilifungua kifuniko cha plastiki cha kile kijisanduku, nikaweka rula yangu ya chuma. Gundi iliyoshika kishikizo upande wa kushoto ilikuwa nene kuliko ya upande wa kulia kwa milimita 2. Kishikizo kina upana wa sentimita 12. Milimita 2 kwenye sentimita 12, Mhariri, ni karibu digrii moja. Kamera yangu ilikuwa imegeuka kushoto kwa digrii moja, na gari halikuwa na habari.

Hapa ndipo naomba wasomaji wanisikilize vizuri, kwa sababu digrii moja inasikika kama kitu kidogo. Kwa mtu anayetazama ukuta ulio karibu naye ni kidogo kweli. Lakini pembe haikai ilipo, inapanuka kadiri unavyokwenda mbele. Digrii moja kwa mita 50 ni sentimita 87. Kwa mita 100 ni mita moja na robo tatu. Njia moja ya barabara kuu ina upana wa mita tatu na nusu hivi, kwa hiyo nusu yake ni hiyohiyo mita moja na robo tatu. Maana yake, kule mita 100 mbele, pale ambapo gari langu liliamini ni katikati ya njia yangu, kwa kweli palikuwa ukingoni. Daladala lililosimama kituoni likaonekana limesimama mbele yangu. Na gari ambalo liko mbele yangu kweli huonekana limekaa kulia, njia ya jirani, na linaweza kuachwa kama lisilonihusu. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi, maana breki ya bure utaisikia ukalalamika, lakini breki ambayo haikuja utaijua siku unapoihitaji.

Katika kazi yetu, teodolaiti, yaani chombo cha kupimia pembe, ikianguka, au hata ikipigwapigwa sana kwenye Land Rover, huendi nayo uwanjani kesho yake. Unapiga vigingi, unaangalia shabaha hiyohiyo kwa uso mmoja wa chombo kisha kwa uso wa pili, unalinganisha namba. Hakuna taa inayokuambia kwamba chombo kimepinda. Kinasoma vizuri, kinaandika namba nzuri, na namba zote ni za uongo. Nimewahi kuona majirani wawili wakigombana miaka kwa sababu ya bikoni, yaani alama ya mpaka, iliyowekwa na chombo cha namna hiyo. Sasa, kamera ya gari ni chombo cha kupimia. Kuiondoa na kuirudisha kwenye kioo kipya, hata kioo kiwe orijino na kishikizo kiwe cha kiwandani, ni sawa na kuiangusha chini na kuiokota. Kioo kipya kinaweza kutofautiana na cha zamani kwa unene, mkunjo, au tabaka la gundi linalokishika kwenye bodi. Na kompyuta ya gari itajua waya umechomoka au tope limeziba kamera. Lakini kamera ikipinda kidogo, mara nyingi kompyuta haiwezi kujua. Kwa hiyo ile kauli ya "taa haijawaka" haitoshi hata kidogo.

Ilinichukua wiki mbili kuipata gereji hapa Dar es Salaam yenye vifaa vya kuilenga kamera upya. Kwanza kikatafutwa kioo chenye kishikizo chake cha kiwandani, kikawekwa, gundi ikaachwa ikauke. Kisha wakajaza upepo wa matairi kwa kipimo chake, wakatoa spea na madumu yangu yote kwenye buti, wakahakikisha alaimenti ya magurudumu iko sawa, kwa sababu gari likiwa limeinama nyuma au linavuta upande, utakachopima hapo ni uongo juu ya uongo. Sakafu ilikuwa ya zege, nao wakaipima kwa pima maji.

Halafu binti mmoja fundi akatoa timazi, ule uzi wenye uzito wa kuonyesha wima. Mhariri, nilisimama pale kama niliyerudi kazini. Akaishusha katikati ya nembo ya mbele, akatia alama ya chaki sakafuni. Akazunguka nyuma, akaishusha katikati ya nembo ya nyuma, akatia alama ya pili. Wakavuta uzi wenye chaki kutoka alama ya nyuma, kupitia ya mbele, mpaka mita kadhaa mbele ya gari, wakaupiga chini: ule mstari mweupe ndio uti wa mgongo wa gari. Juu ya mstari huo wakasimamisha ubao wenye michoro myeusi na myeupe, kwa umbali na kimo alichoandika mtengenezaji, wakipima kwa utepe hadi milimita. Wakafunga mlango jua lisimulike ubao. Ndipo wakaunganisha mashine chini ya usukani, kamera ikatazama ubao, ikaambiwa: hapa ndipo mbele. Ikafuata rada. Mwisho tukaenda kuendesha barabarani penye mistari iliyo wazi, kuhakikisha. Kazi nzima ilikuwa chini ya saa tatu, na nililipa laki mbili na nusu. Kuna magari ambayo hayahitaji ubao, yanajipima yenyewe kwa kuendeshwa kwenye mwendo maalumu, na mengine yanataka yote mawili. Inategemea aina.

Kampuni yangu ya bima ililipa kioo. Kulenga kamera ilikataa, ikisema hiyo haimo kwenye kioo. Nina bima kubwa, nimeilipia kila mwaka bila kuchelewa. Nawaomba TIRA, wasimamizi wa bima nchini, waliangalie hili: jiwe lililovunja kioo ndilo lililoing'oa kamera, na gharama ya kuirudisha ilipo ni sehemu ya gharama ya kioo.

Japan, kule magari yetu yanakotoka, tangu Aprili 2020 sheria inaihesabu kazi hii kama matengenezo yanayohitaji kibali maalumu. Gereji inayotoa kioo chenye kamera, au inayoilenga kamera, lazima iwe na vifaa na watu waliothibitishwa. Na tangu Novemba 2021 kila modeli mpya ya gari dogo linalotengenezwa kule lazima iwe na breki ya kujishika. Magari hayo yatatufikia. Yatafika na vioo vyake vizima, kisha yatakutana na kokoto zetu.

Kwa wenye magari: tazameni leo nyuma ya kioo kidogo cha ndani. Mkiona kijisanduku chenye jicho, mjue mnacho. Msibandike stika mbele yake, hata ile ya Nenda kwa Usalama; mwombeni askari aibandike upande mwingine. Msiweke tinti hapo. Na mkibadilisha kioo kisha msipate pa kuilenga kamera, zimeni mfumo kwa kitufe chake, na kumbukeni kwamba kwenye gari kama langu breki ya kujishika inajiwasha tena kila unapowasha injini. Endesheni kama mlivyoendesha magari ya zamani, kwa miguu yenu na macho yenu, mpaka ipimwe.

Nilirudi kwa yule kijana wa Ilala. Sikwenda kudai pesa. Nilichora kwa chaki kwenye sakafu yake gari, digrii moja, na mita 100 kwa skeli, nikamwekea kizibo cha soda pale daladala lilipokuwa na kingine pale gari langu lilipodhani liko. Alichuchumaa akatazama muda mrefu. Akasema, "Mzee, nimebadilisha vingi vya namna hii." Kisha akauliza ni wapi atajifunza, na mimi sikuwa na jibu la kumpa. Toka siku hiyo, mteja akija na gari lenye kamera, anamwambia kabla hajagusa kioo kwamba itahitaji kupimwa, na anamwelekeza ile gereji. Wengine wanaondoka na kwenda kwa fundi asiyewaambia, naye anakosa kazi.

Kwa hiyo swali lake nalifikisha kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo: kozi fupi, ya wiki moja au mbili, kwa mafundi wa vioo walioko kazini tayari, jioni au Jumamosi, kwa ada wanayoweza kuilipa. Mashine na ubao vitahitaji fedha. Mstari wa katikati, usawa wa sakafu na hesabu ya pembe havihitaji. Nina timazi yangu ya shaba, pima maji na utepe wa chuma wa mita 30, na asubuhi zangu sina kazi nazo. Chuo kitakachokubali kuanza, nitakuja navyo.

Mpima ardhi mstaafu,
Kimara Temboni, Dar es Salaam