Kadi ya bima isisubiri ugonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wasomaji waliopata bima ya afya hivi karibuni wasiifungie kadi kabatini wakingoja kuugua. Mimi nilikaa nayo miezi minane nikijiona mzima, hadi siku muuguzi aliponifunga mkanda wa kupimia shinikizo la damu, akatazama namba, kisha akanifunga tena mkono wa pili bila kusema neno: 168 kwa 104, ilhali kuanzia 140 kwa 90 huhesabiwa kuwa shinikizo la juu. Sikuwa na maumivu ya kichwa wala kizunguzungu, na ndivyo ugonjwa huu ulivyo, kwani huweza kuharibu figo, moyo na macho kwa miaka mingi pasipo kutoa dalili.

Kipimo cha sukari kilitaka nisile kwa saa 8, jambo ambalo hakuna aliyenieleza mapema, nikalazimika kurudi kesho yake. Ulizeni kabla ya kwenda, na muulize pia kama bima yenu inamlipia vipimo mtu asiyeumwa, maana zipo zinazolipia matibabu tu. Kampuni za bima nazo, naziomba sana, zimweleze mwanachama jambo hilo waziwazi siku anapokabidhiwa kadi.

Msomaji wako