Kaka, jiwe la bibi halikutoka mbinguni

Kaka, shikamoo.

Najua ungependa tuyamalize haya kwenye simu. Lakini ulishatangaza kwenye kundi la ukoo kwamba jiwe la bibi ni kimondo, dalali wa Tunduma ameshatajwa, na mashemeji wameshaanza kupiga hesabu ya bati. Basi na mimi nakujibu hadharani, maana si kwetu peke yetu kwenye jiwe la mviringo lililofungwa kwenye kaniki chini ya kitanda cha mama.

Nakuelewa. Mtu aliyekulia Mbozi akishika jiwe asilojua lilikotoka, atawaza nini kingine? Tulipelekwa Ndolezi tungali shule ya msingi, tukalipapasa lile dude la kimondo la tani 16 pale kilima cha Marengi, tukaambiwa ni chuma kwa asilimia 90 na karibu chote kilichobaki ni nikeli. Ila hebu kumbuka lilivyo. Refu, limebonyeabonyea kama udongo uliominywa kwa vidole gumba. Vimondo haviji vikiwa duara kama chungwa. La bibi ukiliweka mezani usipolizuia linabingirika hadi sakafuni. Nimeshalipoteza mara mbili chini ya kabati.

Hata hivyo nililipima, usije ukasema nimekataa tu kwa ubishi wangu. Nilianza na sumaku niliyoichomoa kwenye spika mbovu ya redio. Haikushika hata kidogo, na kimondo cha chuma kingeinyakua sumaku mkononi mwangu. Nikalikwaruza kwa msumari, jiwe halikuumia. Nikakwaruza chupa ya soda kwa jiwe, chupa ikachanika mstari mweupe. Mwisho nikaweka bakuli la maji juu ya mizani ya jikoni, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikalining'iniza jiwe kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Mizani ikapanda gramu 234. Jiwe lenyewe kavu lina gramu 620. Gawanya: 2.65. Kwa ukubwa uleule kimondo cha chuma kingekaribia kilo 1.8, na bibi asingekibeba kwenye mtandio siku anaolewa.

Hiyo 2.65 ni kipimo cha kwatsi, lile jiwe jeupe gumu ambalo wachimbaji wa dhahabu hulipasua usiku na mchana. Wekundu wake unaosema ni wa kuungua angani ulitoka nilipolisugua kwa maji ya moto na sabuni. Ni uchafu wa mikono, kaka. Wa miaka mingi, lakini uchafu.

Kilichonisumbua ni vile vidoti. Uso mzima wa jiwe umejaa vishimo vidogovidogo kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui, isipokuwa pande mbili zilizo laini. Nilikaa nalo wiki nzima. Kisha nikampelekea mama mkubwa, na nilikosea kutoanza kwake.

Sikumwuliza kitu. Nilimkabidhi tu. Kidole gumba kikaenda upande mmoja laini, vidole vingine upande wa pili, na mkono ukaanza kwenda juu na chini, tok, tok, tok, hewani, huku akitazama pembeni na kuniuliza kama nimekula.

Ni la kutia meno jiwe la kusagia. Ulezi ukisagwa siku hadi siku, jiwe la chini hulainika mpaka punje zinateleza badala ya kuvunjika. Hapo mwanamke huligonga uso wake kwa jiwe gumu zaidi, taratibu, hadi likwaruze tena. Na lile linalogonga huchakaa pia. Unaligeuza kila kona yake inapokwisha, na kwa kuligeuza hivyo linakuwa duara lenyewe, hakuna aliyelichonga. Wataalamu wa mambo ya kale waliokuwa wakijiuliza kuhusu matufe ya mawe ya kale ya bonde la Olduvai walijaribu kugonga kwa vipande vya kwatsi saa kadhaa, navyo vikaanza kuviringika. Mama mkubwa hakuhitaji jaribio.

Na ile habari tuliyoirithi ya kwamba liliangushwa na radi? Alicheka hadi akashika mbavu. Jiwe zuri la kugongea ni adimu, mengi hupasuka au humeguka mchanga ukaingia kwenye unga. Watoto walikuwa wanaiba lile la bibi kwenda kuchezea. Siku walipoambiwa ni la radi, halikuguswa tena. Uongo wa kulinda kifaa cha jikoni, sisi tukaurithi na kaniki yake.

Dalali akibadili maneno akasema basi ni la kale, mwambie kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964: kilichotengenezwa kabla ya 1863 kinalindwa, na hakipiti mpakani bila kibali. Sidhani kama la bibi lina umri huo. Lakini mwambie tu, uone atakavyoaga haraka.

Sasa kuna jambo ambalo sijaliandika kwenye kundi. Nilimwuliza mama mkubwa jiwe la chini liko wapi. Akanyoosha kidole nje, kwenye banda la kuku. Ni lile bakuli lao la maji, lile lenye shimo refu katikati ambalo wewe na mimi tulikuwa tunalijaza kila asubuhi. Nilipolimwaga na kulisugua nikapitisha kiganja ndani: katikati laini kama sahani, lakini ukingoni, upande mmoja, meno bado yapo. Bibi alikuwa ameanza kuligonga, hakumaliza. Mama mkubwa anasema ni mwaka mashine ya kusaga ilipofika kijijini.

Kuku nimewanunulia beseni. Jiwe lina kilo 22, kwa hiyo ukija kulichukua usije na bodaboda.