Barua ya wazi kwa Kamishna wa Elimu: hawa watoto tunaowasomesha nyumbani waruhusiwe kucheza na wenzao

Mheshimiwa Kamishna, shikamoo.

Mi ni mama, nakaa Kinyerezi, mwanangu namfundisha mwenyewe nyumbani pamoja na watoto wa majirani wawili, wazazi tunapokezana, mi kusoma na hesabu, mwenzangu sayansi na Kiingereza, vitabu tunavipata kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Mwakani anatimiza miaka saba, na Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto wa umri huo awe ameandikishwa shule ya msingi, kwaiyo naandika mapema kabla mtendaji hajanigongea geti.

Swali naloulizwa kila kona, kuanzia mama mkwe mpaka muuza genge, ni moja tu, "sasa huyo mtoto atacheza na nani?" Na ni swali zuri bwana, silikwepi. Kwenye rede mtoto akipigwa na mpira anatoka, akileta ubishi wenzie wanamwambia hatuchezi na wewe, atanuna pembeni weee mpaka achoke, mwisho anarudi mwenyewe mpole na anapokelewa. Hilo somo mi siwezi kulifundisha mezani, kwasababu mzazi unaona huruma, unamwachia ashinde. Kusubiri zamu, kujua nani anakutania na nani anakuchokoza, kugombana na kupatana bila mtu mzima kuingilia, hivyo vyote vinataka watoto wenzie.

Ila tuulizane, hapa Dar hivyo vitu mtoto anavipata wapi siku hizi? Anayepanda basi la shule anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, analala njiani mpaka getini, anarudi magharibi na homuweki, akila analala, jumamosi tuisheni. Upande wa shule za serikali tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto wamejaa, jambo jema kabisa, lakini kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 45 na sote tunajua madarasa ya mjini yenye zaidi ya mia, hapo mwalimu atajua saa ngapi kwamba fulani wiki nzima anakula peke yake? Wangu jioni anaenda madrasa, wa miaka mitano na wa kumi na mbili mkeka mmoja, wakitoka wanapigania mpira mpaka adhana ya magharibi. Hapo sina wasiwasi naye.

Wasiwasi wangu ni wale wa geti kali. Kuna wenzetu wanasomesha nyumbani na mtoto yupo na tableti na dada wa kazi toka asubuhi mpaka jioni, wenzie anawaona sikukuu kwa sikukuu. Huyo kweli anaumia, na hakuna ofisa anayejua kama yupo, maana mzazi akijitokeza anaogopa ataambiwa anavunja sheria, basi anajifungia zaidi.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelifikiria hili la kusomesha nyumbani kila mtu kivyake. Ujerumani wamekataa kabisa, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikakubaliana nao, hoja mojawapo ikiwa hiyohiyo ya mtoto kujifunza kuishi na jamii. Afrika Kusini sheria yao ya shule ya 1996 inamruhusu mzazi, ila lazima amsajili mtoto. Marekani wanaruhusu majimbo yote, na Florida waliweka sheria mtoto anayesomea nyumbani acheze timu ya shule ya serikali, ndivyo alivyopita Tim Tebow, yule wa mpira wao wa kushika na mikono, mwaka 2007 akabeba tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Mi nimeipenda hiyo ya Florida, haijamlazimisha mzazi wala haijamficha mtoto.

Na ofisi yako mwaka 2023 ilipofuta bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, mlisema wadogo wanahitaji malezi ya familia. Mi nilishangilia. Sasa tusogee hatua moja mbele.

Naomba pawe na fomu kwa afisa elimu kata, nimwandikishe mwanangu kwamba anasomea nyumbani, afisa aje wakati wowote akague daftari na amuulize mtoto mwenyewe marafiki zake ni kina nani. Akikuta mtoto amefungiwa ndani kama yule wa tableti, amwamuru mzazi ampeleke shule, sitabisha. Halafu shule ya msingi iliyo karibu iwapokee vipindi vya michezo, wakiweza washindanie nafasi za UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, kama wengine, na wafanye upimaji wa darasa la nne palepale. Jezi na maji ya kunywa tutanunua wazazi, hata kusimamia kiwanja tupo tayari, mi alhamisi na ijumaa sina zamu.

Uandikishaji wa Januari hauko mbali, tunaomba jibu kabla ya hapo, hata kama ni hapana.

Mama wa Kinyerezi