Ndege wa vuli waachwe wapumzike

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonisikitisha Jumamosi moja ya vuli hii, nilipokwenda na wenzangu 11 kutazama ndege kwenye mikoko ya Ghuba ya Chwaka, ambayo tangu mwaka 2004 imo ndani ya hifadhi ya taifa pamoja na msitu wa Jozani.

Tulifika asubuhi mapema, maji yamekupwa. Vitwitwi walikuwa wametapakaa matopeni wakidonoa, na kati yao alikuwapo sululu mmoja aliyetushika macho: alitumbukiza mdomo wake mrefu uliopinda ndani ya tundu la kaa mpaka karibu na macho, akamvuta kaa, akamtikisa hadi miguu ikamchopoka, kisha akammeza. Mtoto tuliyefuatana naye hakutaka kuirudisha darubini. Ndege hawa huzaliana kaskazini ya mbali, Ulaya na Siberia, na baridi inapokaribia kule ndipo wanapotushukia sisi, wakiwa wametumia karibu akiba yao yote ya mafuta njiani.

Maji yalipojaa walikusanyika kwenye fungu la mchanga lililosalia, wakasimama kwa mguu mmoja, midomo wameificha manyoyani. Hapo ikaja boti ya mashine yenye wageni, ikaelekezwa moja kwa moja kwenye fungu ili ndege waruke na picha zipendeze. Waliruka wote, wakarudi, wakafukuzwa tena, na mara ya tatu hawakurudi. Nahodha simlaumu peke yake, maana huenda hajapata kuambiwa kwamba ndege anayerushwa hivyo huipoteza nguvu aliyoichuma asubuhi nzima, na hana pa kula mpaka maji yatoke.

Nawaomba wanaosimamia hifadhi, kamati za wavuvi na watembeza wageni wakubaliane umbali ambao boti haitauvuka maji yanapojaa, na mgeni aelezwe kabla hajapanda. Vijiji vyetu kadhaa, Unguja na Pemba, hufunga miamba kwa miezi ili pweza wakue, na watu wakatii. Saa chache za kuacha fungu moja si jambo la kutushinda. Wengi wa ndege hawa watakuwa nasi mpaka Machi au Aprili, kwa hiyo makubaliano yakifikiwa sasa yatawafaa msimu huu huu.

Mwalimu mstaafu,
Chwaka, Unguja